Mkalimani, Mchungaji Anayesikia au Mhudumu Kiziwi: Ulinganisho kwa Makanisa na Misikiti ya Mombasa

Kanisa linapogundua kwamba miongoni mwa waumini wake wamo viziwi, kwa kawaida kamati huketi na kuuliza swali moja: tutampata wapi mkalimani? Swali hilo si baya, ila limeruka hatua. Mkalimani ni njia moja kati ya tatu ambazo makanisa yamezitumia kuwahudumia viziwi, na kila njia ina faida yake, gharama yake na mahali inapokwama. Njia ya pili ni mchungaji au padri anayesikia ambaye amejifunza lugha ya alama hadi akaweza kuhubiri na kushauri kwa mikono yake mwenyewe. Ya tatu ni mhudumu ambaye yeye mwenyewe ni kiziwi, awe katekista, shemasi, mchungaji au padri, anayewaongoza viziwi wenzake kwa lugha yao.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya wazee wa kanisa, mapadri, wachungaji na kamati za misikiti hapa Mombasa wanaotaka kufikia uamuzi. Kipimo changu nakitaja mapema ili msomaji ajue ninakotoka. Ibada ni saa chache tu katika juma, kwa hiyo njia ya huduma ipimwe zaidi kwa yale yanayotokea siku nyingine: msiba, ugonjwa, ugomvi wa ndoa, maungamo, na mafundisho ya watoto.

Lugha kwanza

Lugha ya Alama ya Kenya ni lugha kamili yenye sarufi yake. Si Kiswahili kilichohamishiwa vidoleni, wala si Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze matumizi yake, na kifungu cha 120 kinaitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi tatu za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kamati inayosema kwamba viziwi wapewe karatasi yenye mahubiri yaliyochapwa imesahau kwamba kwa mtu aliyelelewa katika lugha ya alama, Kiswahili cha kuandikwa ni lugha ya pili, na kwa wengi ambao shule yao ilikuwa ya kubahatisha ni lugha ngumu kwelikweli. Zaidi ya hayo, wamo miongoni mwao watu wazima ambao hawakufika shuleni kabisa na ambao wana alama za nyumbani tu, zile zinazoeleweka na mama na ndugu zao, na hao wanahitaji mtu wa kuwafundisha lugha kabla ya kuwafundisha dini.

Wapo pia wanaodhani kwamba kiziwi atasoma midomo ya mhubiri. Msomaji asimame mbele ya kioo aseme bila sauti: baba, mama, papa. Midomo hufanya kitu kile kile mara zote tatu. Anayesoma midomo hubahatisha kwa kuangalia muktadha, na muktadha wa mahubiri juu ya Utatu Mtakatifu haubahatishiki kirahisi, hasa mhubiri akiwa na ndevu, akitembea huku na huko na akiwa ameshika maikrofoni mbele ya kinywa.

Mkalimani katika ibada ya kawaida

Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Kanisa likiwa na viziwi wanne au watano, mkalimani anaweza kuanza Jumapili ijayo, na hakuna ratiba itakayobadilishwa. Familia hukaa pamoja: mume kiziwi, mke anayesikia na watoto wao wanakaa benchi moja, wanapokea baraka moja, na baada ya ibada wanarudi nyumbani wakiwa na habari moja ya kuzungumza. Naithamini sana faida hiyo, kwa sababu watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na viziwi wengi walio wazazi wana watoto wanaosikia. Njia yoyote inayowagawa siku ya Jumapili inawapunguzia kitu.

Lakini mkalimani mzuri hatoshi kama mahali ni pabaya. Makanisa yetu ya pwani yamejengwa na madirisha makubwa kwa ajili ya upepo, na mara nyingi mkalimani husimamishwa mbele ya dirisha ili asimzibe mhubiri. Saa nne asubuhi jua likiwa nyuma yake, viziwi wanaona kivuli cheusi kinachopunga mikono, na baada ya robo saa macho yanauma na wanaanza kuangalia sakafu. Mkalimani asimame mahali penye mwanga wa mbele, karibu na mhubiri ili wote wawili waonekane kwa mtazamo mmoja, avae nguo ya rangi moja inayotofautiana na rangi ya ngozi yake, na viti vya mbele viachwe kwa ajili ya viziwi hata wanapochelewa. Kwa mkesha na ibada za jioni iwepo taa ya betri au ya sola. Umeme ukikatika wanaosikia huendelea kuimba gizani, ilhali kwa kiziwi ibada imekwisha hapo hapo.

Kuna mambo mengine yanayosahaulika. Kazi ya ukalimani huchosha akili na mikono, ndiyo maana wakalimani wanaofanya kazi kwa utaratibu hupokezana kila baada ya dakika 20 au 30, na ibada ya saa tatu inayomwachia mtu mmoja kazi yote itapata tafsiri hafifu katika saa ya mwisho, ambayo mara nyingi ndiyo saa ya mahubiri. Mkalimani apewe masomo, nyimbo na muhtasari wa mahubiri siku mbili kabla, kwa kuwa maneno kama neema, kuhesabiwa haki na ushirika wa watakatifu hayana alama ambayo kila mtu anaijua, na alama hizo hupaswa kukubaliwa na viziwi wenyewe mapema badala ya kubuniwa papo hapo. Na mhubiri anaposema tufumbe macho tuombe, akumbuke kwamba kiziwi akifumba macho amefunga mlango wa sala.

Udhaifu mkubwa wa njia hii haumo katika ufundi. Umo katika upande mmoja wa mazungumzo. Mkalimani wa ibada hupeleka maneno kutoka mbele kwenda kwa viziwi, na ni nadra sana kuyarudisha. Kiziwi anaweza kuhudhuria miaka mingi, akaelewa kila kitu, na asiwahi kusoma somo, kuongoza sala, kuingia katika baraza la parokia wala kuulizwa maoni kuhusu matumizi ya sadaka aliyotoa. Huyo amehudumiwa kama mgeni mwalikwa. Kamati inayochagua njia hii na iweke tangu siku ya kwanza utaratibu wa mkalimani kutafsiri kwa sauti pale kiziwi anaposimama kusoma au kuomba kwa alama, ili kusanyiko lote limsikilize.

Mchungaji anayesikia na kuashiria

Njia ya pili ina historia ndefu. Huko Ufaransa katika karne ya 18, padri Charles-Michel de l'Épée alianzisha shule ya viziwi mjini Paris kwa sababu ya kutaka kuwafundisha dini vijana ambao watu waliona hawafundishiki, na alifika mbali kwa kuwa alikubali kujifunza alama zao badala ya kuwalazimisha watoe sauti. Huko Marekani, kasisi Thomas Gallaudet wa Kanisa la Episkopali, yaani Waanglikana wa Marekani, alianzisha mwaka 1852 mjini New York kanisa la Mtakatifu Anna kwa ajili ya viziwi. Mama yake Gallaudet alikuwa kiziwi, kwa hiyo lugha ya alama aliipata nyumbani tangu utoto kama sisi tulivyopata Kiswahili. Hilo linafaa kukumbukwa na kila askofu anayedhani kwamba kozi ya miezi mitatu itamtoa mhubiri wa lugha ya alama.

Nguvu ya njia hii ni kwamba hakuna mtu wa tatu. Mjane kiziwi anakuja ofisini, mlango unafungwa, anaeleza jambo lake na kupata jibu kutoka kwa mchungaji mwenyewe. Kwa ndoa inayoyumba, kwa ushauri baada ya majibu ya hospitali, kwa maungamo, hakuna kinachoweza kuchukua nafasi ya faragha hiyo. Katika Injili ya Marko sura ya 7, Yesu alipoletewa kiziwi alimtenga kwanza na umati, kisha akamgusa masikio na ulimi na kutazama mbinguni, mambo ambayo mtu yule aliweza kuyaona na kuyaelewa kabla ya neno lolote kutamkwa.

Udhaifu wake hapa kwetu una jina moja: uhamisho. Wachungaji na mapadri wengi hukaa mahali miaka michache tu kabla ya barua kufika. Mtumishi amejifunza alama kwa taabu, viziwi wamemzoea, kikundi kimekua, kisha anapelekwa Taveta au Garsen ambako pengine hakuna kiziwi hata mmoja katika kanisa lake, na anayekuja kushika nafasi yake hajui hata alama ya salamu. Kikundi husambaa ndani ya mwaka. Kanisa linalotaka njia hii linapaswa kupata ahadi ya maandishi kutoka kwa askofu au mwangalizi wake kwamba uhamisho wa mtumishi huyo utapangwa pamoja na maandalizi ya mrithi wake. Bila ahadi hiyo nisingeshauri kanisa liweke huduma yote mikononi mwa mtu mmoja anayesikia, hata awe na moyo mkunjufu kiasi gani.

Kuna jambo la pili, nalo ni la ndani zaidi. Anayesikia, hata akiashiria vizuri, ndiye anayebaki na funguo. Simu inapigwa kwake, mikutano ya dayosisi anahudhuria yeye, na ndiye anayesema viziwi wanataka nini. Wapo watumishi wanaolitambua hilo na kuwasukuma viziwi mbele. Wapo pia wanaozoea kuwa sauti yao, na miaka inapita.

Mhudumu ambaye ni kiziwi

Kwa karne nyingi makanisa yaliona ugumu kumweka wakfu kiziwi. Watu walitaja Warumi 10:17, kwamba imani chanzo chake ni kusikia, wakauliza atasomaje maneno ya ibada asiyeweza kuyatamka. Henry Winter Syle, Mmarekani aliyepoteza usikivu utotoni kwa ugonjwa, alikutana na pingamizi hilo hilo. Gallaudet alimtia moyo, Askofu William Bacon Stevens wa Pennsylvania akamuunga mkono, naye akawekwa shemasi mwaka 1876 na kasisi mwaka 1883, kiziwi wa kwanza kupata daraja hilo katika Kanisa la Episkopali. Mwaka 1888 kanisa la All Souls lilijengwa Philadelphia mahsusi kwa ajili ya viziwi. Tangu hapo mlango haukufungwa tena. Katika Kanisa Katoliki, Cyril Axelrod wa Afrika Kusini, aliyezaliwa kiziwi katika familia ya Kiyahudi na baadaye akapoteza pia uwezo wa kuona, alipata upadrisho mwaka 1970. Thomas Coughlin alipadrishwa Marekani mwaka 1977, na Park Min-seo huko Korea Kusini mwaka 2007.

Kwa Afrika, mfano wenye uzito zaidi ni Andrew Foster, Mmarekani mweusi na kiziwi, aliyehitimu mwaka 1954 chuo cha viziwi cha Marekani kiitwacho Gallaudet na kuanzisha shirika la umisionari kwa viziwi mwaka 1956. Mwaka uliofuata alifika Ghana, na hadi alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987 alikuwa ameanzisha shule 32 katika nchi 13 za bara hili. Foster hakuja kuwa mchungaji wa kila kituo. Aliwafundisha viziwi wa Kiafrika kuwa walimu na viongozi, akaenda kufungua mahali pengine. Kanisa la Mombasa likiuliza kama kiziwi anaweza kuongoza, jibu lilipatikana barani humu zamani.

Faida za njia hii huonekana haraka. Ibada inapoongozwa na kiziwi hupangwa kwa ajili ya macho tangu mwanzo: viti vinakaa nusu duara ili kila mtu amwone mwenziwe, taa huwashwa na kuzimwa kuita usikivu, sala husaliwa macho yakiwa wazi, na ngoma hupigwa kwa nguvu ili mtetemo upande kutoka sakafuni hadi miguuni. Mahubiri hayachelewi sentensi moja nyuma ya mtu mwingine. Mifano inatoka katika maisha wanayoyajua: kuachwa nje ya mazungumzo ya mezani, kondakta anayekasirika kwa kudhani umempuuza, daktari anayezungumza na ndugu yako badala yako. Na mtoto kiziwi wa shule ya Ziwani anayemwona mtu mzima kiziwi amevaa mavazi ya ibada na kubariki watu, amejifunza jambo ambalo mkalimani bora kuliko wote hawezi kumfundisha.

Gharama zake pia zisifichwe. Vyuo vya theolojia vingi havina mkalimani wa kudumu darasani, kwa hiyo kumsomesha kiziwi kunamaanisha kulipia ada yake pamoja na ukalimani wa miaka yote ya masomo, na hilo linawezekana iwapo parokia au makanisa kadhaa yatachanga pamoja. Jamii ya viziwi ya mji ni ndogo na watu wanajuana tangu shule ya bweni, kwa hiyo ugomvi kati ya mhudumu na familia moja unaweza kugawanya kusanyiko zima. Watoto wanaosikia wa wazazi viziwi huchoka katika ibada ya alama tupu wasipopangiwa darasa lao. Na pana suala la umbali. Viziwi hawaishi mtaa mmoja: wapo Likoni, Changamwe, Kisauni, Bamburi na Mtwapa. Anayetoka Likoni huvuka kwa feri bila kulipa, lakini matatu ya kufika kivukoni na nyingine ya kutoka kivukoni si bure, na familia ya watu watano hupiga hesabu kabla ya kutoka nyumbani. Ibada ya viziwi inayofanyika kisiwani mara mbili kwa mwezi ikiwa na nauli imeandaliwa, mara nyingi itajaa kuliko ya kila Jumapili isiyo na nauli.

Siku zisizo za ibada

Nilikaa katika matanga huko Mikindani, nyumbani kwa mama kiziwi aliyefiwa na mume. Wazee walikuwa chini ya turubai na daftari la michango, wakijadili gari la maiti na saa ya mazishi. Mchungaji alifika, akatoa pole, akafumba macho na kuomba kwa muda mrefu, na watu wakaitikia amina. Mjane alikuwa akitazama vinywa. Binti yake mdogo, ambaye bado alikuwa shule ya msingi, alimgusa goti akamwashiria kwa ufupi: wanaomba, kaburi ni kesho, shangazi amekataa. Kisha akafuta machozi yake mwenyewe, kwa kuwa aliyekuwa akizikwa alikuwa baba yake. Kanisa lile lilikuwa na mkalimani wa Jumapili. Siku ile ilikuwa Jumanne.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaolinganisha njia hizi kwa kuangalia ibada peke yake. Katika msiba, mkalimani husaidia pale tu mkataba wake unapotaja msiba na kumlipa kwa kutoka usiku. Mchungaji anayeashiria husaidia akiwapo mjini. Mhudumu kiziwi hufika na kukaa, na kwa kuwa jamii yake humpasha habari mapema kwa ujumbe wa simu na simu za video, mara nyingi hufika kabla ya wengine, ingawa naye atahitaji mkalimani ili azungumze na wazee wa ukoo walio chini ya turubai. Vyovyote iwavyo, mtoto asifanywe mkalimani wa msiba wa nyumbani kwake, wala wa ugomvi wa wazazi wake, wala wa majibu ya daktari.

Kuhusu maungamo, Kanisa Katoliki limeweka sheria iliyo wazi. Kanuni ya 990 inaruhusu muumini kuungama kupitia mkalimani, na kanuni ya 983 inamfunga mkalimani huyo kutunza siri. Sheria inatosha, ila moyo wa mwanadamu hautulizwi na sheria pekee. Mkalimani wa Jumapili ndiye pia utakayemkuta harusini na sokoni Kongowea, na viziwi wengi huona afadhali kutoungama kabisa kuliko kuungama mbele yake. Parokia ambayo haina padri anayeashiria inaweza kukubaliana na parokia nyingine za jimbo ili padri mmoja mwenye uwezo huo azunguke kabla ya Pasaka na Krismasi. Kwa ndoa, kanuni ya 1104 inakubali ridhaa itolewe kwa alama zenye maana sawa na maneno pale mtu asipoweza kusema. Hivyo bwana harusi kiziwi asilazimishwe kutoa sauti ambayo itamwaibisha mbele ya wageni.

Watoto ndio wanaopoteza zaidi kwa uamuzi mbaya. Mtoto kiziwi anayesoma bweni hurudi likizo nyumbani ambako mara nyingi hakuna anayejua lugha yake, kisha anapelekwa mafundisho ya komunyo ya kwanza pamoja na watoto hamsini na kuketishwa nyuma. Anakariri mwendo wa foleni. Hapa mhudumu kiziwi, hata akiwa katekista asiye na daraja lolote, anawazidi wengine wote kwa mbali, na gharama ya kumwandaa katekista ni ndogo kuliko ya kumsomesha padri.

Kwa upande wa misikiti

Mombasa ni mji wa Waislamu pia, na ndugu zetu viziwi wa upande huo wana swali lao. Swala yenyewe haiwafungii nje sana, kwa kuwa safu ya mbele inaonekana, na rukuu na sujudi hufuatwa kwa macho. Panapokwama ni khutba ya Ijumaa, darsa na madrasa. Katika Masjid al-Haram huko Makka khutba hutafsiriwa kwa lugha ya alama, kwa hiyo jambo hili si geni katika Uislamu. Wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, nao walikwisha kukubali kwamba ishara inayofahamika ya asiyeweza kusema huhesabiwa kama maneno, na kanuni hiyo imo katika Mecelle, mkusanyiko wa sheria wa dola la Uthmaniya wa karne ya 19, kifungu cha 70. Taratibu za mahali pa kusimama mkalimani wakati wa khutba waulizwe masheikh wa hapa.

Jambo ambalo kamati za misikiti hulisahau ni wanawake. Mkalimani aliye karibu na mimbari haonekani kutoka ghorofani au nyuma ya pazia, kwa hiyo panahitajika mkalimani mwanamke upande wao, au skrini. Na kwa madrasa ningeshauri njia ile ile niliyoisema kwa katekisimu: ustadhi kiziwi, au walau ustadhi aliyeketi na viziwi hadi akaijua lugha yao.

Mchague ipi?

Kabla ya kuchagua, viziwi wenyewe waitwe kikaoni pamoja na mkalimani wa kulipwa asiye ndugu wa yeyote, waulizwe. Nimeona kamati zikikamilisha bajeti bila hatua hii, na baadaye zikashangaa kwa nini viti vya mbele ni vitupu.

Kanisa lenye viziwi wachache na lenye haraka na lianze na mkalimani, lakini mkataba wake utaje misiba, hospitali, mikutano ya baraza na ukalimani wa kurudi upande wa pili, na wawepo wawili wa kupokezana. Wakati huo huo, mwaka ule ule, kanisa limchague kiziwi mmoja mwenye wito na kuanza kumlipia mafunzo. Nasisitiza mwaka ule ule kwa kuwa mkalimani akishazoeleka, fungu la mafunzo huwa halipatikani tena. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa makanisa mengi ya hapa.

Kanisa lenye mchungaji anayeashiria tayari lisitafute kingine kwa sasa, bali limwombe awafundishe viziwi wawili au watatu kuongoza sala na kuhubiri, yeye akiketi miongoni mwa waumini, ili barua ya uhamisho ikifika isiwakute mikono mitupu. Dayosisi au jimbo ambalo viziwi wake wametawanyika katika parokia nyingi ndilo linalofaa kuanza moja kwa moja na kusanyiko la viziwi kisiwani, chini ya mhudumu kiziwi mwenye mshahara kamili kama wenzake. Huduma ya kujitolea isiyo na posho humlazimisha mtu kushinda akitafuta kibarua bandarini, na matanga ya Jumanne yatamkosa yeye pia.

Kwa somo la Biblia njia zote tatu zitahitaji maandiko ya kutazamwa. Biblia nzima ya kwanza katika lugha ya alama, ile ya Marekani, ilikamilika mwaka 2020, ila alama zake si za Kenya na isinunuliwe kwa kudhani kwamba viziwi wote duniani huashiria namna moja. Tafuteni video za Lugha ya Alama ya Kenya, na mzionyeshe kwanza kwa viziwi wenu waseme kama zinaeleweka.

Na kanisa lenye viziwi wawili tu lifanyeje? Lisiwaambie wasubiri waongezeke. Liwalipie nauli ya kwenda kwenye kusanyiko la viziwi la kanisa jirani la dhehebu lao mara mbili kwa mwezi, liweke mkalimani kwa Jumapili zilizobaki na kwa siku za shida, na liwatafutie waumini wake wengine, kuanzia mchungaji, wazee na vijana wa kwaya, mwalimu kiziwi wa kuwafundisha alama jioni moja kila juma, kwa malipo.